Msichana Mwenye Mdomo na Watu Wanaomjibu

Mwaka 1999 Hollywood ilitoa, kwa kupishana miezi miwili tu, filamu mbili za vijana wa sekondari zenye kisa karibu kimoja. Mvulana anamfuata msichana asiye na kundi shuleni, na nyuma ya kumfuata huko kuna makubaliano ambayo msichana hayajui. She's All That ilitoka mwishoni mwa Januari. Humo Zack, kipenzi cha shule aliyeachwa na mpenzi wake, anawekeana dau na rafiki yake kwamba anaweza kumchukua msichana yeyote akamfanya malkia wa prom, ile dansi kubwa ya mwisho wa mwaka. Anachaguliwa Laney Boggs, mchoraji mwenye miwani, nguo zimejaa rangi. Mwishoni mwa Machi ikafuata 10 Things I Hate About You. Humo Patrick Verona analipwa fedha taslimu ili amtoe Kat Stratford kwenda matembezini, kwa sababu baba yake Kat ameweka sheria nyumbani: mdogo mtu, Bianca, haruhusiwi kutoka na mvulana mpaka dada yake naye atoke.

Nimezitazama zote mbili mara nyingi kuliko filamu nyingine yoyote ya aina hiyo, na kila nikirudia naona zilipoachana njia. Zack kapewa kazi ya kubadilisha sura. Dada yake anakuja na mkasi, anamkata Laney nywele, anamtinda nyusi, miwani inaondoka, gauni jekundu linavaliwa, kisha msichana anashuka ngazi huku wimbo ukipigwa na Zack akiwa chini kaduwaa. Kuanzia hapo Laney anatazamwa zaidi ya anavyosikilizwa. Patrick kazi yake ni nyingine kabisa. Kat hagusiki. Hakuna anayethubutu kumshauri abadili nywele. Anayetaka kumkaribia lazima aongee, na aongee vizuri, maana akikosea neno moja anaondoka na jeraha.

Ndiyo maana ya makala hii yote. Vichekesho hivi vya sekondari vimejaa wasichana werevu, wenye maneno makali, wanaokula peke yao. Watu wakizisifu filamu hizo husifu ule ujasiri wa msichana na yale majibu yake ya papo kwa papo. Mimi nimefikia kuamini kwamba filamu nzuri na filamu dhaifu za aina hii hutengana mahali pengine: kama kuna mtu yeyote ndani yake anayeweza kumjibu.

Tazama darasa la Kiingereza la Kat. Kitabu kinachosomwa ni cha Hemingway, na Kat anamchambua Hemingway bila huruma, kisha anauliza kwa nini hawasomi waandishi wanawake kama Sylvia Plath au Simone de Beauvoir. Darasa linamzomea. Joey, mvulana mzuri wa sura na mwenye fedha, anatupa neno lake la kejeli. Mwalimu, Bw. Morgan, aliyeigizwa na Daryl Mitchell, anamzima Joey kwanza. Halafu anamgeukia Kat. Anamwambia, kwa maana yake, kwamba anajua maisha yamekuwa magumu sana kwake huko mtaani kwao kwenye neema, na kwamba siku nyingine akienda kuwavamia wazazi wa kamati ya shule kudai nyama bora ya chakula cha mchana, au chochote kile ambacho wasichana wa kizungu hulalamikia, awaulize pia kwa nini hawanunui kitabu kilichoandikwa na mtu mweusi. Kisha anamtoa darasani.

Tukio lenyewe ni fupi mno. Lakini ni mwalimu mweusi anayemwambia msichana mweupe mwenye akili nyingi kwamba hasira yake ni ya haki na kwamba bado haijaona mbali vya kutosha. Hakumwambia anyamaze. Hakumwambia ana mdomo. Amemjibu hoja kwa hoja, na jibu lake ni kali kuliko swali. Filamu ingeweza kabisa kumfanya Bw. Morgan awe mzee wa kuchekesha anayeshindwa na mwanafunzi. Ndivyo walimu wengi wanavyotumiwa kwenye filamu hizi. Waandishi wake, Karen McCullah na Kirsten Smith, walijua kwamba msichana anayewashinda wote anachosha baada ya dakika ishirini.

Nilisoma sekondari ya wasichana ya bweni. Kidato cha pili tulikuwa na mwenzetu ambaye maneno yalimtoka kama maji ya bomba lililopasuka, na mengi yalikuwa ya kweli. Asubuhi moja kwenye foleni ya uji mwalimu wa zamu alitukaripia kwa kelele: "Mnadhani hapa ni kwenu?" Mwenzetu akajibu, kwa sauti ya adabu kabisa, "Hapana mwalimu, kwetu uji unakuwa na sukari." Foleni nzima ilikufa kwa kicheko. Na mwalimu mwenyewe niliona midomo inamcheza. Angeweza kusema lolote. Angeweza hata kusema kwamba bajeti ya sukari imeliwa na mbu. Badala yake mwenzetu alipewa fyekeo, akafyeka nyasi za nyuma ya bwalo mpaka viganja vikatoka malengelenge. Kufikia kidato cha nne alikuwa ametulia. Walimu walisema amekua.

Kwa hiyo ninapomwona Kat akijibiwa, sitazami mchezo. Natazama kitu ambacho kilikuwa kinawezekana.

Kisa cha Kat kimetoka kwa Shakespeare, kwenye tamthilia yake ya miaka ya mwanzo ya 1590 kuhusu mwanamke mkali anayefugwa na mume. Kule Katherina ananyimwa chakula na usingizi mpaka akubali kuliita jua mwezi. Mwishoni waume wanawekeana dau, mke wa nani atakuja haraka akiitwa. Katherina anakuja, anasimama mbele ya wote na kutoa hotuba ndefu kuliko nyingine zote katika tamthilia hiyo, mistari 44, ya kuwaambia wanawake waweke mikono chini ya nyayo za waume zao. Kwa muda mrefu wasomi wamegombana kama anasema kweli au anakejeli. Mimi sioni faraja katika jibu lolote kati ya hayo mawili. Katherina alikuwa na maneno mazuri kuliko wote waliomzunguka, na mtu pekee aliyeyaweza alitumia njaa.

Msomaji wa Kiswahili hatakosa kumkumbuka Mwana Kupona, ambaye mwaka 1858 alimwachia binti yake wasia wa kishairi, na ndani ya wasia ule alimtaka awe na adabu na ulimi wa thawabu, na amridhishe mumewe. Hata hivyo nikisoma utenzi ule nasikia mwanamke mmoja anaongea na mwanamke mwingine, mgonjwa kitandani, anampa mtoto wake silaha alizo nazo. Na yeye mwenyewe ulimi wake umetufikia mpaka leo. Kat hana hata huyo: mama yake aliondoka nyumbani, na filamu hairudi kumwelezea.

Halafu wengi wetu tulimjua Shakespeare kupitia kwa Mwalimu Nyerere, kwenye Mabepari wa Venisi ya 1969. Humo kuna Portia, anayevaa nguo za kiume, anaingia mahakamani na kuokoa roho ya mtu kwa kusoma mkataba kwa makini kuliko wanaume wote waliomo. Kwangu mimi hawa wasichana wa filamu ni wajukuu wa Portia zaidi ya Katherina. Wanashinda kwa kusoma maandishi vizuri.

Na 10 Things inajua inachofanya na ile hotuba ya mwisho. Bw. Morgan amewasomea darasa Soneti ya 141 ya Shakespeare kwa mdundo wa rapu na kuwaagiza kila mmoja atunge toleo lake. Kat, ambaye kwa sasa ameshajua kwamba Patrick alilipwa, anajitolea kusoma la kwake mbele ya wote. Anaorodhesha anachokichukia: anavyoendesha gari lake, mabuti yake makubwa ya kijinga, anavyosoma mawazo yake. Anasema anamchukia kiasi cha kuugua, kiasi kwamba hata anajikuta anatunga vina. Hapo ndipo ninapompenda zaidi. Sauti imeshaanza kukatika, macho yamelowa, na bado akili inatoa mzaha juu ya umbo la shairi analolisoma. Kisha anakiri kwamba hamchukii hata kidogo, na anatoka darasani. Hotuba ya Katherina mbele ya hadhara imebaki mahali pake, ila sasa anayezungumza hajakabidhi chochote kwa mtu. Amesema ukweli wake na ameondoka nao.

Baada ya hapo anakuta gitaa ndani ya gari lake, Fender Stratocaster. Patrick amelinunua kwa zile fedha alizolipwa. Kat anamwambia huwezi kuninunulia gitaa kila ukiharibu. Patrick anajibu kwamba ndiyo, najua, lakini kuna ngoma, kuna gitaa la besi, na siku moja pengine hata tari. Wanamalizana hivyo, bado wanajibizana. Sijui filamu nyingine ya vijana ya miaka ile ambayo busu la mwisho linakuja katikati ya mabishano na mabishano yanaendelea.

Na baba mtu. Walter Stratford ni daktari wa kuzalisha, ameona mimba nyingi za wasichana wadogo kiasi kwamba Bianca akitaka kutoka anamvisha tumbo la bandia aone uzito wake. Muda wote anamkatalia Kat kwenda Sarah Lawrence, chuo cha mbali upande wa mashariki, wakati wao wanaishi Seattle. Mwishoni anamwambia asije akawa amebadili mawazo, kwa sababu hundi ameshaituma. Ni baba mwenye hofu ambaye hofu yake imeshindwa na upendo, na anashindwa kulisema isipokuwa kwa njia ya hundi. Mlango ule wa nyumba ulikuwa unalindwa na mtu, na mtu yule ameufungua mwenyewe.

Kabla ya 1999 mambo yalikuwa magumu zaidi. The Breakfast Club ya 1985 ina Allison, msichana wa kiti cha nyuma anayetikisa mba za kichwani ziwe theluji juu ya mchoro wake, na anayetupa nyama ya sandwichi yake ili ajaze nafaka za asubuhi na sukari. Ni mhusika wa ajabu na wa kweli. Halafu mwenzake anampaka vipodozi, anamfunga utepe wa nywele, na mvulana wa michezo anamwona kwa mara ya kwanza. Kila mwaka natumaini tukio hilo litakuwa limeondolewa. Heathers, ya mwisho wa muongo huo, ilikataa njia hiyo: Veronica, aliyeigizwa na Winona Ryder, anaandika shajara yake akiwa na lenzi ya jicho moja, na maneno yake yana sumu. Lakini anayemwelewa ni muuaji. Filamu inatisha kwa makusudi, na swali lake ni la haki: msichana mwerevu aliyezungukwa na watu wasiojibu atamfuata yeyote atakayejibu.

Sasa nije kwa Olive.

Easy A ilitoka 2010, imeongozwa na Will Gluck na kuandikwa na Bert V. Royal. Ilitengenezwa kwa dola milioni 8 na ikaingiza takriban milioni 75 duniani, na Emma Stone akateuliwa kuwania tuzo ya Golden Globe. Anaigiza Olive Penderghast wa mji mdogo wa Ojai, California. Rafiki yake anamng'ang'aniza waende kupiga kambi na wazazi wake wa ajabu. Olive, ili akwepe, anadanganya kwamba ana miadi na mvulana wa chuo. Ukweli ni kwamba wikendi nzima yuko nyumbani peke yake na kadi ya salamu inayopiga wimbo ikifunguliwa. Mwanzo anaukebehi wimbo ule, kisha anaufungua tena, kufikia Jumapili anauimba kwa sauti akiwa bafuni. Rafiki akimbana Jumatatu, uongo unakua: amelala na yule mvulana. Msichana mlokole wa shule anasikia kutoka chooni, na kufikia jioni shule nzima inajua.

Kinachofuata kinachekesha na kinauma kwa pamoja. Brandon, mvulana anayepigwa kila siku kwa sababu wenzake wanajua anapenda wavulana, anamwomba amsingizie. Wanajifungia chumbani kwenye sherehe na kupiga kelele huku wenzao wamejazana mlangoni. Brandon anapata amani. Wengine wasiopendwa wanasikia na kuja na kadi za zawadi za maduka. Darasani wanasoma riwaya ya Nathaniel Hawthorne ya 1850, ya mwanamke aliyelazimishwa kuvaa herufi A kifuani kwa sababu ya zinaa, na Olive anashona A nyekundu kwenye nguo zake na kutembea nayo kwenye korido.

Nilimwonyesha filamu hii binti wa dada yangu alipokuwa kidato cha tatu. Alicheka sana, kisha akaniuliza swali ambalo watu wazima hawaniulizi: kwa nini Olive hakuwaambia wazazi wake mapema, wakati wazazi wake ni wale? Ni swali kubwa, kwa sababu wazazi wale ndio moyo wa filamu.

Wameigizwa na Stanley Tucci na Patricia Clarkson. Kuna usiku Olive ameitwa kwa mkuu wa shule kwa kumtukana msichana mwenzake, na inabidi awaeleze nyumbani. Anasema ametumia neno baya. Neno gani? Hataki kulitamka mbele ya mdogo wake. Linaanza na herufi T. Wazazi wanaanza kubahatisha kwa bidii, kama watu wanaojaza chemshabongo la gazeti la Jumapili. Mwisho baba anamwambia aliandike kwa njegere zake kwenye sahani. Na mdogo mtu, mtoto mweusi waliyemwasili, baba anamtania: kwani wewe asili yako wapi?

Sikilizeni kinachoendelea pale mezani. Mtoto amefanya kosa. Kosa limezungumzwa, halikufichwa. Wazazi wanajua ni kosa, na Olive anajua kwamba wanajua. Lakini namna wanavyolizungumza ni kwa maneno, kwa zamu, kila mmoja akimpa mwenzake nafasi ya kutupa lake. Baada ya tukio lile hakuna haja ya kueleza Olive ameutoa wapi ulimi wake. Ameutoa kwenye njegere zile.

Kwa hiyo kwa nini hakuwaambia? Jibu nililompa yule binti ni hili, na bado nalishikilia. Kwao maneno hayajawahi kumgharimu Olive kitu, na kwa hiyo anadhani ndivyo yalivyo kote. Anaingia shuleni na ulimi wa nyumbani. Shuleni hakuna anayejibu mzaha kwa mzaha. Wanachukua mzaha wakaubeba kama habari. Wakati mke wa mwalimu anayempenda kuliko wote, mshauri wa wanafunzi, anapomwomba anyamaze na kubeba lawama ya ugonjwa aliouambukiza yeye kwa mwanafunzi, Olive anabeba. Hapo kichekesho kinasimama. Mtu mzima ametumia uungwana wa mtoto kama pazia.

Na anapokuja kumwambia mama yake, wamekaa juu ya boneti ya gari, mama hamhukumu. Anamwambia kwamba yeye mwenyewe alivyokuwa sekondari alikuwa na sifa hiyohiyo, tena kwa kustahili, na anasema kwa namna ya kumchekesha mtoto aliyekaribia kulia. Kwetu Afrika Mashariki mama wa namna hiyo atasemwa kwenye kila kikao cha ukoo. Najua. Nimesikia pia mashangazi wakimsaidia binti kwa maneno ya mzaha jikoni, milango imefungwa, mambo ambayo mama mzazi asingeyagusa. Kazi ile ipo kwetu. Imegawanywa tu kwa watu wengine.

Mean Girls ya 2004 iko karibu sana na sisi, na labda ndiyo maana nina ugomvi nayo. Cady Heron amekulia Afrika na wazazi wataalamu wa wanyama kwa miaka kumi na miwili, anaingia sekondari ya Evanston, Illinois akiwa hajawahi kukaa darasani. Katika toleo la muziki la 2024 ametokea Kenya kwa jina. Katika ile ya 2004 ni Afrika tu, nzima, na Karen anamuuliza kwa nini ni mweupe kama ametoka Afrika. Maskani yetu yametumika kama mbuga: Cady akiwaona vijana kwenye duka kubwa anawaona kama wanyama waliokusanyika kwenye maji. Miaka kumi na miwili na hana rafiki mmoja wa kutoka huku anayempigia simu.

Lakini Tina Fey, aliyeiandika kutokana na kitabu cha Rosalind Wiseman kuhusu uonevu wa wasichana, alijua jambo moja kuhusu akili ya msichana kwa usahihi wa kuuma. Cady ni hodari wa hesabu. Akimpenda mvulana wa dawati la mbele anaanza kukosea kwa makusudi ili amwombe msaada. Yaani anajibu majibu ambayo si yake. Anayemkamata ni mwalimu wake wa hesabu, Bi. Norbury, aliyeigizwa na Fey mwenyewe; na mwishoni, kwenye mashindano ya hesabu ya jimbo, Cady anapewa swali la mwisho na anasema kwa sauti kwamba kikomo hakipo. Ni jibu la hesabu. Pale kwenye jukwaa, baada ya mwezi baada ya mwezi wa maneno ya kinafiki, ni sentensi ya kwanza ya kweli aliyoisema hadharani. Ingawa mwenye ulimi hasa katika filamu ile ni Janis, rafiki wa pembeni, na filamu inamwacha pembeni.

The Edge of Seventeen ya 2016, ya Kelly Fremon Craig, nitaipitia haraka ila siwezi kuiruka. Nadine ana miaka 17, baba yake alifariki ghafla, na rafiki yake wa pekee ameanza kutembea na kaka yake. Ulimi wake ni mkali kiasi cha kuwaumiza wasiostahili, na filamu haimfichi. Anaingia kwa mwalimu wake, Bw. Bruner wa Woody Harrelson, saa ya chakula cha mchana, na kumtupia uchungu wake wote kwa maneno ya kutisha. Mwalimu anamjibu kwa mzaha mkavu kuhusu dakika zake 32 za mapumziko zinazoliwa kila siku na mwanafunzi huyohuyo. Wapo walioona ni ukatili. Mimi niliona mtu anayeongea na Nadine kwa lugha anayoielewa, na anayemsikiliza kila siku. Usiku Nadine alipokwama ndiye anayempigia, naye anakuja, anampeleka kwake, ambako kuna mke na mtoto mchanga. Mzaha ule wa mchana ulikuwa na nyumba nyuma yake.

Nimebakiza jambo ambalo Bw. Morgan alilisema mwaka 1999 na Hollywood haikumsikiliza.

Gabrielle Union yumo katika 10 Things na yumo pia katika She's All That. Filamu zote mbili nilizoanza nazo, mwaka mmoja, na katika zote ni rafiki wa pembeni. Katika 10 Things ni Chastity, rafiki wa Bianca, na anapata kusema moja ya sentensi zenye akili kuliko zote: anajua mtu anaweza kuzidiwa na mambo, na anaweza kutoridhishwa nayo, lakini je, kuna kuwa katikati tu? Anaiuliza kwa uso mkavu kabisa, wanatembea nje ya shule, kisha filamu inaendelea na wengine. Hatumjui nyumbani kwake.

Mwaka uliofuata, 2000, alipata Isis katika Bring It On. Isis ni nahodha wa timu ya ushangiliaji ya East Compton Clovers, ambayo mitindo yao imekuwa ikiibwa na timu ya shule tajiri ya San Diego, inayoongozwa na Torrance wa Kirsten Dunst. Torrance alikuwa hajui. Akijua, anasumbuka rohoni, anakwenda na hundi ya kuwalipia Clovers nauli ya mashindano ya taifa. Isis anaichana mbele yake. Anamwambia kinachotakiwa: njoo na timu yako, mfanye mazoezi kwa bidii, mtushinde kwa haki kama mnaweza. Clovers wanatafuta fedha kwa mtangazaji wa televisheni aliyetoka mtaani kwao, wanakwenda, na wanakuwa mabingwa.

Union anaicheza hundi ile bila kupaza sauti. Hatukani. Ana kila kitu alicho nacho Kat: akili, hasira yenye sababu, ulimi uliotulia, na haki upande wake. Ana hata zaidi ya Kat, kwa sababu ana timu nyuma yake inayomtegemea. Lakini filamu ni ya Torrance. Nyumbani kwa Torrance tunaingia: tunamjua mama yake, tunamjua mdogo wake wa kiume anayemkera, tunajua hata anavyolala akifikiria mchezo. Isis tunamkuta shuleni kwake, uwanjani na kwenye korido, mara nyingi akiwa anamjibu Torrance.

Ningependa kujua nani alimfundisha kuongea vile. Kama ni bibi, kama ni kaka mkubwa aliyekuwa akimtania, kama ni mwalimu wa Compton aliyemwambia awaulize kwa nini hawanunui kitabu cha mtu mweusi, naye akaenda akauliza. Hundi akishaichana, usiku ule nyumbani kwao kuna mtu amemuuliza, "Kwa hiyo nauli mtaitoa wapi?" Na ameijibu vipi? Filamu hiyo bado haijatengenezwa, na Union wakati ule alikuwa tayari kabisa kuicheza.